Karakana ya useremala nyumbani: vifaa vya kujitengenezea na mpangilio wa kuvitengeneza

Anayetaka kuanza useremala nyumbani huuliza kwanza habari ya mashine: anunue ipi, yenye nguvu kiasi gani, mpya au ya mtumba. Jibu langu ni kwamba mota haifanyi ubao uwe wa mraba. Ubao unakuwa wa mraba kwa sababu kuna kitu kilichoushikilia mahali pake na kuuongoza msumeno wakati unakatwa, na kitu hicho mara nyingi ni kipande cha mbao ambacho fundi alikitengeneza mwenyewe. Karakana nzuri ya nyumbani imejaa vipande vya namna hiyo.

Jambo ambalo wengi hawaambiwi ni kwamba vifaa hivi vina mpangilio wake. Cha kwanza ndicho kinachopima cha pili, cha pili ndicho kinachokata cha tatu. Ukianza na meza ya msumeno kabla hujawa na skwea (kipimo cha pembe ya nyuzi 90) unayoiamini, kosa la skwea litaingia kwenye meza, litoke kwenye meza liingie kwenye kabati, na mlango wa kabati hautafunga. Kwa hiyo fuata mwongozo huu kwa zamu yake, hata kama hatua za mwanzo zinaonekana ndogo.

Vya kununua ni vichache: msumeno wa mkono wenye meno madogo, randa moja ya chuma ya ukubwa wa namba 4 au 5, patasi tatu (milimita 6, 12 na 25), nyundo, bisibisi, futi kamba, skwea, na drili. Ukiwa na hivi unaweza kufanya kazi hata umeme ukikatika. Msumeno wa umeme wa mviringo unaweza kuja baadaye.

Mahali na mbao

Banda la uani au baraza ya nyuma lenye mita mbili na nusu kwa tatu linatosha. La muhimu kuliko ukubwa ni mwanga. Weka benchi mahali ambapo mwanga wa dirisha au mlango unaingia kwa ubavu, unapita juu ya mbao kwa kulala. Mwanga wa namna hiyo unaonyesha kila bonde lililoachwa na randa, wakati taa ya juu katikati ya dari huyaficha yote hadi siku ya kupiga vanishi. Usiku, taa ndogo iliyowekwa chini pembeni mwa benchi inafanya kazi hiyohiyo.

Kwa vifaa vya karakana, paini iliyokauka na mabaki ya plaiwudi yanatosha. Paini nyingi inayouzwa Tanzania inatoka nyanda za juu kusini, hasa Mufindi kwenye shamba la miti la Sao Hill, na mara nyingi inafika sokoni ikiwa bado mbichi. Mbao mbichi ikitengenezwa kifaa cha kupimia, baada ya wiki kadhaa kifaa hicho kitakuwa kimepinda. Omba pia kwa mafundi wa samani mabaki ya mninga, mtiki au mkaratusi. Vipande vya urefu wa shubiri moja, ambavyo kwao ni kuni, kwako ni kabari na vizuizi vya miaka mingi.

Kujua kama ubao umekauka, usitegemee kuugonga na kusikiliza. Tumia mizani ya jikoni. Kata kipande kidogo katikati ya ubao, si kwenye kichwa, yaani mwisho wa ubao, kwa sababu vichwa hukauka mapema na vitakudanganya. Kipime uzito, kisha kiweke kwenye oveni kwenye joto la nyuzi 100 hivi, ukipime tena kila baada ya saa kadhaa mpaka uzito ukome kupungua. Toa uzito mkavu kwenye uzito wa mwanzo, gawanya kwa uzito mkavu, zidisha kwa 100. Kipande kilichoanza na gramu 120 kikaishia 100 kilikuwa na unyevu wa asilimia 20, na hiyo ni mbichi mno kwa samani za ndani. Kama huna oveni, pima ubao mzima kila wiki na uandike uzito juu yake kwa penseli. Wiki ambazo namba haibadiliki tena, ubao umeshapatana na hewa ya mahali pako. Hewa ya Tanga si hewa ya Dodoma: meza iliyotengenezwa pwani ikipelekwa bara kavu itasinyaa kwa upana, na ni lazima uso wake ufungwe kwa namna inayouruhusu kusogea.

Wakati wa kukausha, panga mbao juu ya vipande vyembamba vyenye unene uleule, kimoja kila sentimita 40 hadi 50, na vipande vya kila tabaka vikae juu ya vya chini yake kwa mstari wima. Vikikaa kwa kupishana, uzito wa mbao za juu utazipinda za chini. Paka rangi iliyobaki au nta kwenye vichwa ili visipasuke. Rundo lisiguse sakafu. Saruji hupandisha unyevu, na mchwa hawahitaji mwaliko mwingine.

Unyoofu na pembe: hapa ndipo pa kuanzia

Kitu cha kwanza kutengeneza ni rula ndefu iliyonyooka. Chukua kipande cha plaiwudi cha upana wa sentimita 10 na urefu wa mita 1.2, ukiuacha ukingo uliotoka kiwandani. Kilaze juu ya ubao mpana, chora mstari mwembamba kufuata ukingo huo. Kisha kigeuze tumbo juu, ukingo uleule uguse mstari kutoka upande wa pili, ncha zikae palepale, na uchore tena. Mistari miwili ikilala kuwa mmoja, ukingo umenyooka. Ikiachana katikati, nafasi unayoiona ni mara mbili ya kosa lenyewe. Hilo ni jema, kwa sababu kosa la nusu milimita ambalo jicho lisingelitambua linaonekana kama milimita nzima. Randa palipovimba, rudia.

Skwea nayo ijaribiwe kwa njia hiyohiyo, hata ikiwa mpya. Iegemeze kwenye ukingo ulionyooka, chora mstari kwa ncha ya kisu, igeuze upande wa pili, chora tena kutoka nukta ileile. Mistari ikiachana kadiri inavyopanda, skwea haina nyuzi 90. Skwea bapa ya chuma unaweza kuirekebisha: igonge kwa ncha ya chuma karibu na kona ya ndani kama unataka pembe ipanuke, au karibu na kona ya nje kama unataka ibane. Gonga kidogo, jaribu, gonga tena. Skwea yenye mpini wa mbao uliolegea ni bora uirudishe dukani.

Kwa kazi kubwa, kama fremu za milango na makabati, tengeneza skwea ya plaiwudi. Pima sentimita 60 upande mmoja na 80 upande wa pili. Umbali kati ya ncha hizo mbili ukiwa sentimita 100 kamili, kona ni ya nyuzi 90. Waashi hupima msingi wa nyumba kwa hesabu hiyohiyo, na kwa plaiwudi ya milimita 9 utapata skwea kubwa kwa gharama ya mabaki.

Kisha vijiti pacha. Hivi ni vipande viwili vya mbao ngumu, kila kimoja sentimita 50 kwa 4, kingo za juu na chini zikiwa sambamba. Vitengeneze pamoja, vikiwa vimebanwa kama kitu kimoja, halafu vitenganishe. Ukingo wa juu wa kimoja upake wino mweusi. Ukitaka kujua kama ubao umejipinda kama parafujo, weka kijiti kimoja kila mwisho wa ubao, inama, tazama kingo zao za juu kwa jicho moja. Mweupe ukipanda juu ya mweusi upande mmoja tu, ubao umepinda, na sasa unajua ni kona zipi mbili za kuranda kwanza. Fundi akikosa hivi vijiti huranda ubao siku nzima na ukaendelea kuyumba mezani.

Benchi

Benchi lisiloyumba lina thamani kuliko benchi zuri. Uso wake: mbao nne za inchi mbili kwa sita zilizolazwa sambamba, upana unafika sentimita 60 hivi. Miguu: nne kwa nne. Kimo: simama wima, mikono ikining'inia, kifundo cha mkono ndicho kipimo, na kwa watu wengi huangukia kati ya sentimita 80 na 90. Ukipenda kuranda sana kwa mkono shusha kidogo, ili uzito wa mwili usukume randa badala ya mabega peke yake.

Mambo mawili ndiyo yanayoamua. La kwanza, miguu ya mbele ikae sawasawa na ukingo wa mbele wa uso wa benchi, isiingie ndani kama ya meza ya chakula. Hapo mguu wenyewe unakuwa mahali pa kubania mlango au ubao mrefu ukiwa wima. La pili, kabari zitumike kwenye maungio ya miguu. Pitisha ubao wa kuunganisha miguu kwenye tundu lenye nafasi ya ziada kidogo, kisha pigilia kabari kavu bila gundi. Benchi likilegea wakati wa kiangazi unaigonga kabari mara mbili na linakaza. Skrubu haitakupa hilo.

Jiliwa (kibanio cha benchi) la chuma ni ghali, na si lazima mwanzoni. Toboa tundu la mraba karibu na mwisho wa benchi upande wa mkono wa kushoto (kwa anayetumia mkono wa kulia), upitishe kipande cha mbao ngumu kinachopanda na kushuka kwa kugongwa nyundo. Hicho ni kizuizi cha kurandia: ubao unakisukuma, nao hauna pa kwenda. Kisha toboa matundu ya milimita 18 kwenye uso wa benchi, na mwombe fundi wa kuchomelea akukunjie chuma laini cha duara cha milimita 16 kwa umbo la namba saba, mkono wa juu ukiinama kidogo. Ukikitia tundu na kukigonga kichwani, chuma kinajikaza kwa mshazari na kuushika ubao kwa nguvu ya kushangaza. Kukitoa, kigonge kwa nyuma. Weka kipande laini cha mbao chini yake kisiumize kazi.

Vibao viwili vya kazi ya kila siku

Kibao cha kukatia ni cha nusu saa. Ubao wa sentimita 25 kwa 30, kipande kimoja chini kwenye ukingo wa mbele ili kibao kijishike kwenye benchi, kipande kingine juu kwenye ukingo wa nyuma ili kazi iegemee. Kipande cha juu kiwe kifupi kwa sentimita mbili upande unaokatia, msumeno ukitoka chini uingie kwenye kibao na si kwenye benchi. Ukisukuma kazi kwa kiganja dhidi ya kipande hicho, huhitaji klampu kukata vipande vidogo.

Kibao cha kurandia vichwa ndicho ninachokithamini kuliko vyote, na ndicho kinachopungua zaidi kwenye karakana za nyumbani. Msumeno wa mkono hauachi kichwa cha ubao kikiwa cha nyuzi 90, hata kwa fundi hodari, unaacha karibu. Kibao hiki ndicho kinachomaliza kazi.

Tafuta plaiwudi ya milimita 18 ya sentimita 60 kwa 30. Hii ni ya chini. Juu yake gundisha plaiwudi ya sentimita 60 kwa 20, kingo zao za upande wa kushoto zikilingana. Upande wa kulia unabaki na njia ya sentimita 10, na hapo ndipo randa italala ubavu na kuteleza. Kabla ya kugundisha, kata kwa mshazari kidogo ukingo wa chini wa plaiwudi ya juu, kwenye njia ya randa, ili vumbi lipate mahali pa kukaa bila kuisukuma randa. Karibu na mwisho wa mbali funga kiegemeo cha mbao ngumu, milimita 40 kwa 40, kikikatisha plaiwudi ya juu kwa nyuzi 90 na kufika hadi ukingo wa njia. Kifunge kwa skrubu mbili: moja kwenye tundu linalobana, ya pili kwenye tundu lenye nafasi, ili uweze kukizungusha kidogo.

Sasa ujanja wa kukipima. Usitumie skwea. Chukua vipande viwili vya ubao vya upana wa sentimita 12 hivi, randa kichwa cha kila kimoja kwenye kibao. Kisha geuza kimoja tumbo juu na ugusanishe vichwa viwili mezani, kingo zao zikiegemea rula yako ndefu. Zikilala zote mbili kwenye rula bila mwanya, kibao kina nyuzi 90 kamili. Ukiona mwanya, ni mara mbili ya kosa. Legeza skrubu ya pili, sogeza kiegemeo kwa unene wa karatasi, rudia mpaka mwanya utoweke, halafu ongeza skrubu ya tatu ya kukikaza moja kwa moja.

Unapokitumia, shika ubao dhidi ya kiegemeo, kichwa kikijitokeza kwa unywele tu kwenye njia. Randa ilale ubavu, isukume kwa kasi moja hadi mwisho. Kiegemeo kinakinga nyuzi za nyuma za ubao zisichanike. Paka njia mshumaa ili randa iteleze. Kama blade ni butu, kibao hiki kitakuambia mara moja, kwa sababu vichwa vya ubao havikubali kubembelezwa. Ukitaka pembe za fremu ya picha, kata kipande cha pembetatu cha nyuzi 45 na kukiweka mbele ya kiegemeo. Kibao kinabaki kilekile.

Kubana bila kununua klampu

Mafundi husema klampu hazitoshi kamwe, na ni kweli. Lakini gundi nyeupe ya mbao haihitaji klampu ya bei kubwa. Inahitaji kingo zinazokutana sawasawa, mgandamizo ulioenea, na utulivu mpaka ishike. Mgandamizo usizidi: ukiona gundi imetoka yote na maungio yamekauka, umebana kupita kiasi ili kufidia kingo zisizokutana. Rudi kwenye randa.

Kwa kuunganisha mbao ubavu kwa ubavu kupata uso wa meza, tengeneza fremu za kabari. Kila fremu ni ubao imara wa mbili kwa nne, wenye vizuizi viwili vilivyofungwa kwa bolti, umbali kati yao ukizidi upana wa meza kwa sentimita 5 hivi. Kabari zikatwe kwa jozi kutoka kipande kimoja cha mninga au mkaratusi: urefu wa sentimita 20, upande mmoja mnene sentimita 3.5, mwingine sentimita 1. Mteremko huo ni wa moja kwa nane, unatosha kubana na hautelezi kurudi. Weka jozi kati ya ukingo wa ubao na kizuizi, moja ikielekea kushoto na nyingine kulia, zigonge kwa nyundo mbili kwa wakati mmoja. Zinapokutana, nafasi inapungua na mbao zinabanwa sambamba.

Kwa meza ya mita moja na nusu tumia fremu nne: mbili chini na mbili juu, kwa kupishana, ili mgandamizo usiikunje meza. Paka fremu mshumaa au sabuni palipo na maungio, gundi isizishike. Kabla ya kufungua chupa ya gundi, fanya zoezi lote kavu, mpaka kabari ya mwisho. Kwenye joto la pwani gundi huanza kushika ndani ya dakika chache, na huo si wakati wa kutafuta nyundo. Baada ya kubana, subiri gundi iliyotoka iwe kama mpira laini ndipo uikwangue kwa patasi. Ukiifuta ikiwa maji kwa kitambaa unaisukuma kwenye vinyweleo vya mbao, na vanishi itaacha madoa meupe hapo.

Kwa vitu vyenye umbo la duara au pembe zisizo za kawaida, kama kiti, miguu iliyopinda au fremu ndogo, hakuna kinachoishinda tyubu ya tairi. Nenda kwa fundi wa pancha, mwombe tyubu za pikipiki au gari zilizoharibika, zikate utepe wa sentimita 4 kwa kuzunguka kama unavyomenya chungwa, ili upate mkanda mmoja mrefu. Vuta kwa nguvu, zungusha kwenye maungio, kila mzunguko ukipanda juu ya uliotangulia. Kila mzunguko unaongeza mgandamizo, na mpira unaendelea kuvuta hata mbao inapojitulia. Ndio mpira uleule unaofunga mizigo kwenye baiskeli zetu, na kwenye gundi hauna mpinzani.

Umeme ukiingia

Msumeno wa mviringo wa mkononi, ukiwa na kiongozi cha plaiwudi, unakata shiti ya futi nane kwa nne vizuri sana, na huhitaji chumba kikubwa. Kata plaiwudi ya milimita 6 au 9 ya upana wa sentimita 30 na urefu wa mita 1.3, nyingine ya mita 2.5 ukiweza. Juu yake gundisha na ukaze kwa skrubu ukanda ulionyooka wa plaiwudi ya milimita 18, upana sentimita 8, ukilinganisha na rula yako ya kwanza. Acha upande mmoja wa plaiwudi nyembamba ukiwa mpana kuliko umbali kati ya ukingo wa sahani ya msumeno (bamba lake la chini) na blade. Kisha pitisha msumeno, sahani ikiegemea ukanda, ukate ukingo wa ziada. Kuanzia hapo, ukingo huo ndiyo njia kamili ya blade yako. Uweke juu ya mstari uliochora, bana ncha mbili, kata. Hakuna kuhesabu. Kwa kuwa kiongozi kinagusa plaiwudi hadi kwenye mkato, nyuzi za juu hazichaniki. Andika juu yake jina la msumeno na blade, maana blade yenye unene mwingine inahitaji ukingo mwingine.

Laza shiti juu ya godoro bovu au vipande vya paini sakafuni, weka kina cha blade kipite unene wa plaiwudi kwa milimita 3 tu, na ukate ukiwa umepiga goti. Pande zote mbili za mkato ziwe zimeegemezwa, la sivyo mwisho wa mkato utabana blade na msumeno utakurukia.

Sasa jambo la hatari ninalotaka lisomwe polepole. Usifunge blade ya meno ya kukatia mbao kwenye grenda. Grenda ndogo ya milimita 115 huzunguka mara 11,000 hivi kwa dakika, mara mbili ya msumeno wa mviringo wa kawaida, na haina kinga iliyotengenezwa kwa meno, wala sahani ya kuegemea. Jino likinasa kwenye fundo, mashine nzima inaruka kuelekea tumbo au shingo. Mkato ambao grenda inakupa kwa sekunde kumi, msumeno wa mkono unakupa kwa dakika mbili, ukiwa na vidole vyote.

Hali kadhalika kuupindua msumeno wa mviringo na kuufunga chini ya meza ili blade itokeze juu. Wengi wanafanya hivyo. Kama huna kisu cha kutenganisha nyuma ya blade kinachozuia mbao kuibana, kinga juu yake, swichi ya kuzimia inayofikiwa kwa goti au paja, na kijiti cha kusukumia, usiitumie meza hiyo. Kijiti chenyewe kikatwe kutoka plaiwudi, kirefu sentimita 35, kikiwa na kisigino cha kukamata mwisho wa ubao. Tengeneza vitatu kwa wakati mmoja, maana kinachokatwa ni kijiti badala ya kidole, na wewe hupaswi kusita kukitumia kwa kuogopa kukiharibu.

Drili ina dawa rahisi. Nenda kwa fundi wa vyuma mwenye drili ya kusimama, atoboe tundu za milimita 4, 6, 8 na 10 kwenye kipande kinene cha mtiki, wima kabisa. Kipande hicho ukikibana juu ya kazi, biti inapita kwenye tundu na haiwezi kulalia upande. Kwa kina, kata kijiti cha mbao chenye tundu katikati, kivae biti, kiache urefu unaoutaka nje. Utepe uliofungwa kwenye biti huteleza, kijiti hakitelezi.

Makali

Kila kitu hapo juu kinadhani randa na patasi zina makali, na hapa jiwe la bei kubwa si lazima. Kanunue kipande cha kioo cha milimita 6 au zaidi kwa wauza vioo, sentimita 15 kwa 40, kingo zikiwa zimesuguliwa. Loweka msasa wa maji, ubandike juu yake: namba 240, 400, 800, 1200, na 2000 kama unaupata. Kwanza sawazisha mgongo wa blade, sentimita mbili za mwisho tu, mpaka uakisi mwanga kama kioo. Hatua hii inafanywa mara moja katika maisha ya blade, na ndiyo inayorukwa zaidi.

Mteremko wa makali uwe nyuzi 25, na ncha yake kabisa nyuzi 30. Kupata pembe hiyo bila kifaa cha duka, kata kabari ya mbao: kwa kila sentimita 10 za kitako, kimo sentimita 4.7 kwa nyuzi 25, au 5.8 kwa nyuzi 30. Iweke pembeni, linganisha blade nayo kabla ya kila awamu, na mkono utazoea. Sugua mpaka uhisi kwa kidole chuma kilichojikunja upande wa mgongo, kutoka kona hadi kona. Usipokihisi, hujafika kwenye ncha, na kuhamia msasa laini ni kupoteza muda. Malizia kwa mkanda wa ngozi uliogundishwa ubaoni, ukivuta tu, usisukume. Mvule huharibu makali upesi kwa sababu wakati mwingine hubeba vijiwe vya kalsiamu ndani yake. Ukiuranda, noa mara nyingi zaidi na usilaumu blade.

Vumbi, kutu na moto

Mwaka 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya WHO, liliweka vumbi la mbao kwenye kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu. Vumbi baya ni lile laini la msasa lisiloonekana, si maranda yanayoanguka miguuni. Vaa barakoa ya N95 inayobana pua, si kitambaa. Weka feni dirishani ikipuliza nje, nawe simama kati yake na mlango, hewa safi ikupitie kwanza. Fagia baada ya kunyunyiza maji kidogo. Vumbi la mninga huwasha baadhi ya watu macho na kifua hadi kuleta pumu. Ukiona dalili hizo, badilisha mbao. Na ubao uliorandwa vizuri kwa blade kali unahitaji msasa kidogo sana, hivyo kunoa nako ni kinga ya mapafu.

Pwani, hewa ya chumvi huanza kula chuma ndani ya siku chache. Funga kipande cha blanketi la sufu kwenye kijiti, kiloweshe mafuta ya cherehani, kining'inize karibu na mlango. Kila jioni kipitishe kwenye randa, patasi na msumeno kabla ya kuvitundika. Vitundike kwenye ukuta kwa ukanda wa mbao uliokatwa katikati kwa mshazari wa nyuzi 45: nusu moja ifungwe ukutani, mteremko ukitazama juu na ndani, nusu nyingine nyuma ya kila rafu. Rafu inajishika kwa uzito wake na unaihamisha unapotaka.

Vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani (ya kupaka mbao) visikunjwe na kutupwa kwenye pipa. Mafuta hayo yakikauka hutoa joto, na kitambaa kilichofinyangwa huweza kuwaka chenyewe usiku bila cheche yoyote. Vitandaze kimoja kimoja juu ya waya nje mpaka viwe vigumu kama karatasi, au vitie kwenye kopo la maji lenye kifuniko, kabla hujafunga karakana na kwenda kulala.